Kuzungumza na mkalimani kabla ya kuandika faili

Jumamosi moja ya mwezi Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu Mikindani akiwa amebeba kompyuta yake mpakato na uso uliokunjamana. "Shikamoo mjomba. Hii kompyuta haijui hesabu," aliniambia kabla hata hajakaa. Alikuwa ameandika programu fupi kwa lugha ya Python ili kumsaidia mama yake, yaani dada yangu, kukadiria uzito wa mzigo wake kabla ya kuupeleka kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Programu hiyo iliuliza gunia moja lina kilo ngapi, kisha ikazidisha kwa idadi ya magunia. Aliingiza 80, magunia yalikuwa matatu, na badala ya 240 kompyuta ilimwandikia 808080.

Alikuwa ameshahangaika nayo tangu asubuhi. Alibadilisha mistari, akafuta, akaandika upya, akaendesha faili lote tena na tena, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Nilimwomba alifunge lile faili kwanza, afungue dirisha la amri, aandike neno python peke yake na abonyeze Enta. Zikatokea zile alama tatu zinazoelekea kulia, ambazo maana yake ni kwamba mkalimani, yaani programu inayosoma na kutekeleza maagizo ya Python, yupo na anasikiliza. Nikamwambia amuulize yeye.

>>> kilo = input("Kilo: ")
Kilo: 80
>>> kilo
'80'
>>> kilo * 3
'808080'

Mpwa wangu aliitazama mistari hiyo kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya kioo, pale kwenye alama ndogo za kunukuu zilizoizunguka 80. Hakuwahi kuziona. Katika faili lake alitumia amri ya print, na print humwonyesha binadamu kitu kwa sura ya kusomeka vizuri, hivyo huziondoa alama za kunukuu na kuacha maandishi matupu. Mkalimani unapomwandikia jina la kitu bila print hafanyi hivyo, bali anakuonyesha kitu hicho jinsi yeye mwenyewe anavyokifahamu. Alama za kunukuu zilikuwa zinasema kwamba 80 hii ni maandishi, alama ya 8 ikifuatiwa na alama ya 0, na maandishi yakizidishwa kwa tatu hurudiwa mara tatu. Kompyuta haikukosea hesabu. Ilikuwa haijaambiwa kwamba hiyo ni hesabu. Aliandika int(kilo) * 3, int ikiwa amri ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili, akapata 240, akacheka kwa furaha mpaka dada yangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake limo jambo ninalolitaka kila kijana anayejifunza programu hapa kwetu alishike mapema: zungumza na mkalimani kwanza, sentensi moja moja, kabla hujaandika faili. Vijana wengi ninaowaona huanza kwa kunakili faili refu kutoka mahali fulani, huliendesha lote kwa pamoja, na linapokataa huwa hawana njia ya kujua ni mstari gani uliowasaliti. Ni kama mtu aliyepika sufuria zima la mchuzi bila kuonja hata mara moja.

Neno mkalimani ninalitumia kwa makusudi. Kiswahili kinatofautisha mkalimani na mfasiri, na tofauti hiyo inaeleza jambo la kompyuta vizuri kuliko maelezo mengi niliyowahi kusoma. Mfasiri hupewa andiko zima, hulipeleka nyumbani, hulimaliza, na siku nyingine hukukabidhi andiko jipya katika lugha ya pili. Mkalimani husimama katikati ya watu wawili. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuhudhuria mikutano ya kijiji ambako bwana shamba alieleza namna ya kupulizia salfa kwa Kiswahili, na kijana mmoja akawageuzia wazee maneno yale kwa Kimakonde, sentensi baada ya sentensi. Mzee akiwa na swali aliuliza pale pale na kujibiwa pale pale. Lugha za programu nazo zimegawanyika hivyo. Ukitumia C, mfasiri wake huligeuza faili lako lote kuwa lugha ya mashine ndipo uliendeshe. Ukitumia Python unaweza kusema sentensi moja, ukapata jibu, ukasema nyingine.

Mazungumzo ya namna hii yana historia ndefu. Lugha ya Lisp ilibuniwa na John McCarthy mwaka 1958 katika chuo cha MIT nchini Marekani, na katika maelezo yake aliandika kanuni ya kukokotoa sentensi yoyote ya lugha hiyo, akiikusudia kwa ajili ya kusomwa tu. Kijana aliyefanya naye kazi, Steve Russell, aliiona kanuni ile na kusema kwamba inaweza kuandikwa katika lugha ya mashine, akaiandika kwa mkono kwenye kompyuta ya IBM 704, na hapo Lisp ikapata mkalimani. Python ilianza baadaye sana. Guido van Rossum aliianza wakati wa likizo ya Krismasi ya mwaka 1989 akiwa katika taasisi ya CWI jijini Amsterdam, na toleo la kwanza likatolewa hadharani Februari 1991. (Wanafunzi huniuliza kama jina lake linatokana na chatu. Linatokana na kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza.)

Hata hivyo mfano wa mkalimani una mipaka yake, na ni vizuri kuijua kwa sababu mipaka hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Unapompa Python faili zima, haanzi kulisema mstari wa kwanza papo hapo. Kwanza hulisoma lote, huhakiki sarufi yake, na kuligeuza kuwa maagizo mafupi ya ndani yanayoitwa baitikodi. Baada ya hapo ndipo huyatekeleza maagizo hayo moja baada ya jingine. Kwa hiyo kuna makosa ya aina mbili yanayotenda kwa namna mbili tofauti. Kosa la sarufi, hata likiwa katika mstari wa mwisho, huzuia faili lote. Kosa la maana hujitokeza pale tu utekelezaji unapolifikia, wakati kazi iliyotangulia imeshafanyika.

La kwanza tulilipata kwa njia ambayo watu wa kusini watalipata mara kwa mara. Dada yangu alitaka orodha ya vituo vya kupokelea mzigo, na katika mstari wa mwisho kabisa mpwa wangu aliandika kituo = 'Ng'apa'. Faili halikufanya lolote, hata salamu iliyokuwa mstari wa kwanza haikutokea. Tulipoupeleka mstari ule peke yake kwa mkalimani, alilalamika kwamba maandishi hayakufungwa. Ile alama iliyo katikati ya Ng'apa, ambayo kwetu ni sehemu ya herufi, yeye aliiona kuwa alama ya kunukuu inayofunga maandishi baada ya Ng, kisha ile ya mwisho akaiona kuwa inafungua maandishi mengine yasiyo na mwisho. Dawa yake ni kutumia alama mbili za kunukuu: kituo = "Ng'apa". Kwa sababu hiyo hiyo huwezi kukipa kigeu, yaani kihifadhi cha thamani ndani ya programu, jina la ng'ombe, lakini majina mengine ya Kiswahili yanakubalika bila tatizo, na mimi huwahimiza vijana waandike kilo, bei, makato na mkulima badala ya kuazima maneno wasiyoyaelewa.

Kosa la aina ya pili lilinipata mimi mwenyewe, na linahusu fedha za watu. Miaka michache iliyopita nilisaidia kazi za hesabu katika chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Karani aliniandalia faili la maandishi lenye mstari mmoja kwa kila mkulima, namba yake ikifuatwa na alama ya mkato na kilo zake. Nikaandika programu inayosoma kila mstari, inakokotoa malipo baada ya makato, na kuongeza matokeo mwishoni mwa faili la pili. Niliiendesha, ikakatika katikati na kuandika ValueError, ikisema imeshindwa kuligeuza neno fulani kuwa namba. Nikalitafuta neno hilo katika orodha, nikalisahihisha, nikaiendesha programu tena, na safari hii ikafika mwisho salama. Nilichapisha orodha na kumpelekea karani.

Karani yule ni mama mtu mzima anayewajua wakulima wake kwa majina na kwa mashamba. Aliipitia karatasi kwa kalamu, akasimama kwenye ukurasa wa pili, akaniambia, "Mwanangu, mbona huyu mzee anatokea mara mbili? Shamba lake ni moja, na mwaka huu mikorosho yake imeshikwa na ubwiri unga." Tulihesabu pamoja. Wakulima 40 wa kwanza walikuwa wameandikwa mara mbili. Programu ilipokatika kwa mkulima wa 41, ilikuwa imeshawaandika wale 40 katika faili la malipo, na nilipoiendesha mara ya pili iliwaongeza tena chini yao. Namshukuru Mungu kwamba karatasi ile ilikuwa bado haijapelekwa benki.

Nililifikiria kosa lile kwa siku nyingi. Nilikuwa nimechukulia kwamba programu iliyokatika ni sawa na programu ambayo haikuendeshwa, na kwa mkalimani hilo si kweli kabisa. Alichokwisha kukisema amekisema. Tangu wakati huo nimeacha kuongeza mwishoni mwa faili la zamani. Ninakusanya matokeo yote katika orodha iliyo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na mstari wa mwisho wa programu ndio unaofungua faili jipya na kuandika kila kitu kwa pamoja, ili hesabu ikikatika njiani faili la malipo lisiguswe.

Badiliko la pili ni namna ninavyoiendesha programu yenyewe. Siandiki tena python malipo.py, bali naandika python -i malipo.py. Ile herufi i inamwagiza mkalimani asiondoke faili linapoisha, wala linapokatika kwa kosa, bali abaki na majina yote yakiwa hai ili umhoji. Laiti ningelijua hilo siku ile, ningeandika jina moja tu, lile linaloshika mstari unaosomwa, na kuona hivi:

>>> mstari
'0041,hakuna\n'

Hapo kila kitu kiko wazi: namba ya mkulima, neno hakuna ambalo karani aliliandika kwa sababu mzigo ulikuwa bado haujapimwa, na hata ile alama ya mwisho wa mstari ambayo macho hayaioni ndani ya faili. Na kwa programu ya sasa, yenye orodha ya matokeo iitwayo malipo, ningemuuliza pia len(malipo), yaani urefu wa orodha hiyo, ili nijue ni wangapi waliokwisha kushughulikiwa, na angenijibu 40. Kuna sharti moja tu: majina yaliyoundwa ndani ya kitendakazi, yaani kipande cha programu kilichopewa jina lake ili kiitwe kinapohitajika, hupotea kitendakazi kinapokatika, kwa hiyo yanayobaki kwa kuhojiwa ni yale yaliyo nje.

Kuhusu fedha na mizani lipo jambo jingine ambalo nisingeliamini kama nisingelionyeshwa na mkalimani mwenyewe. Mwandikie 1.1 + 2.2 naye atakujibu 3.3000000000000003. Mara ya kwanza nilidhani kompyuta ile ni mbovu. Ukweli ni kwamba kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile kwetu theluthi inavyotupa 0.333 isiyokoma. Mahali fulani lazima ikatwe, na mabaki yake ndiyo hiyo 3 ya mwisho. Tofauti ni ndogo kuliko vumbi la korosho, lakini ukimuuliza kama 1.1 + 2.2 == 3.3 (alama == huuliza kama pande mbili ni sawa) atakujibu False, yaani si kweli, na programu inayolinganisha mizani ya mkulima na mizani ya ghala kwa njia hiyo itasema mkulima na ghala wanatofautiana wakati hawatofautiani. Kwa sababu hiyo mimi hupima kila kitu kwa gramu, kwa namba kamili, ambazo Python huzihifadhi bila kupoteza hata moja na bila kikomo cha ukubwa isipokuwa kumbukumbu ya kompyuta. Kilo 237.4 zinakuwa gramu 237400, na kwa bei ya mfano ya shilingi 3000 kwa kilo naandika 237400 * 3000 // 1000 (alama // hugawanya na kubakiza namba kamili) na kupata 712200 kamili. Anayetaka kubaki na desimali anaweza kutumia moduli ya decimal, ambayo ilitengenezwa kwa hesabu za aina hii.

Kukadiria desimali hadi namba kamili nako kunahitaji kuulizwa kwanza. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba nusu hupanda juu. Mkalimani wa Python 3 akiambiwa round(2.5) anajibu 2, na akiambiwa round(3.5) anajibu 4, kwa kuwa kanuni yake huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu ili katika hesabu nyingi makadirio yasiegemee juu siku zote. Ni kanuni ya busara, lakini si ile ambayo karani anaitumia kwenye daftari lake, na mkulima akikokotoa mwenyewe akaona shilingi moja imepungua ana haki ya kuuliza. Nimekuwa na kawaida ya kuipitisha kila kanuni ya namna hii kwa mkalimani mbele ya karani mwenyewe, namba tatu au nne za mfano, mpaka akubali kwamba ndivyo anavyotaka.

Kwa wanaoanza, mambo machache ya utumiaji yanatosha kutajwa kwa haraka. Alama ya mstari wa chini ikiandikwa peke yake humrudishia mtu jibu la mwisho, kwa hiyo baada ya kupata 712200 unaweza kuandika _ - 50000 ukaendelea. Nukta tatu zikitokea badala ya zile alama tatu, mkalimani anasubiri umalize sentensi, na mstari mtupu humwambia umemaliza, isipokuwa kama umeacha mabano bila kuyafunga. Ukiwa umeingiza faili lako kwa amri ya import kisha ukalibadilisha, kuliingiza tena hakutaleta mabadiliko kwa sababu analo tayari kichwani. Toka kwa quit() uanze upya. Toleo la 3.13, lililotolewa Oktoba 2024, lina mkalimani mwenye rangi na anayeruhusu kurudi kurekebisha kipande kizima cha mistari mingi kwa pamoja, nami ninamshauri kila mwenye uwezo wa kulipakua alichukue.

Nasema mwenye uwezo wa kulipakua kwa sababu intaneti kwetu haina uhakika. Mei 2024, nyaya za intaneti zilizo chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika, nchi nzima ilitaabika, na mimi nilikuwa nina kazi ya hesabu isiyoweza kusubiri. Siku hizo ndipo nilipothamini kwamba mkalimani yumo ndani ya kompyuta yangu pamoja na maelezo yake. Niliandika help(round), nikasoma, nikajaribu, nikaendelea. Maelezo hayo ni ya Kiingereza, na hapo ndipo mpwa wangu anaponihitaji kukaa naye, lakini mifano tunayoijaribu ni ya magunia yetu.

Umeme ndio adui mkubwa zaidi wa mazungumzo haya. Yote uliyomwambia mkalimani yamo katika kumbukumbu ya muda, na betri ya kompyuta ya mpwa wangu imechoka kiasi kwamba umeme ukikatika inazima ndani ya dakika chache. Tumekubaliana kwamba sentensi ikishajibiwa sawasawa mara mbili kwa namba tofauti, inahamia kwenye faili papo hapo. Faili lake la kukadiria uzito sasa lina mistari 23, na hakuna hata mmoja ambao haujapita kwanza kwenye zile alama tatu. Jumapili iliyopita aliniuliza ni kwa nini int("80.5") inakataliwa wakati int(80.5) inakubaliwa na kutoa 80. Nilikuwa na jibu mdomoni, lakini nilimwachia kompyuta, na nilipomaliza kunywa chai alikuwa ameshaandika float("80.5") * 1000 na anaitafuta njia ya kuigeuza kuwa gramu.